Koti la Kijani katika Kijitabu cha Mfamasia

Simu iliingia Jumanne nikimenya viazi. Ni binti wa mzee rafiki yangu, mama mtu mzima sasa, akinieleza yote kwa Kiingereza cha Birmingham, maana Kiswahili anakisikia lakini kukisema humtoa jasho. Baba yake alikunywa chai, akalalamika kwamba tangawizi haikutosha, akasinzia kitini, basi. Halafu binti akasema polepole kwa Kiswahili, "Baba amepumzika." Nililia, sitaficha. Ila kabla sijakausha macho nilikuwa nacheka, kwa sababu siwezi kumkumbuka mzee yule bila kukumbuka namna tulivyojuana, nanyi wasomaji wangu wa miaka yote mnastahili kukisikia kisa hicho, ingawa hakinipambi hata kidogo.

Alikuwa mfamasia. Wazazi wake walitoka Gujarati, yeye akazaliwa Nakuru, akasomea dawa Uingereza, akarudi kufungua duka kwao. Mwishoni mwa miaka ya sitini, Wahindi wengi wa Kenya walipofungasha, naye akafungasha kurudi Uingereza. Duka lake la Birmingham lilikuwa mtaa wa Handsworth, hatua chache kutoka Soho Road, na nyuma ya kaunta palikuwa na kabati la chuma ambalo funguo zake hazikutoka kiunoni mwake. Humo zilikaa dawa kali, mofini na ndugu zake, pamoja na daftari nene. Kila dawa ya kabati lile ilipotoka, sheria ilimtaka aandike siku, jina la mgonjwa, daktari aliyeidhinisha na kiasi kilichotolewa. Kwa wino, katika daftari lililoshonwa ili karatasi isichomolewe. Mkaguzi angeweza kuingia siku yoyote na kulinganisha maandishi na kilichobaki kabatini. Na hakuna kufuta. Ukikosea unaliacha kosa lako lionekane, kisha unaandika sahihisho pembeni na kulitia tarehe.

Vidonge vya usingizi havikubanwa na sheria hiyo wakati ule, na watu walivimeza kama karanga. Mzee akajitungia sheria yake mwenyewe. Alikuwa na kijitabu cha mfukoni alimoandika waliovijia mara nyingi mno, kwa majina ya utani ili asimwaibishe mtu. Kila siku kabla ya chakula cha mchana alimpigia simu rafiki aliyesoma naye, mzaliwa wa Kampala mwenye duka la dawa Erdington, wakalinganisha. Daktari wa mtaa huu hakuwa na njia rahisi ya kujua mwenzake wa mtaa ule ameandika nini, kwa hiyo wazee hao wawili na simu yao ndio waliokuwa macho ya nusu ya jiji. Na ili wateja wa kwenye foleni wasielewe, walizungumza Kiswahili. Nani angekijua Handsworth, katikati ya Wapunjabi na Wajamaika?

Mimi. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, miaka ya sabini imeanza tu, nimetoka Machakos na majina mawili yote ya ubatizo, hivi kwamba aliyeyasoma kwenye karatasi ya daktari alinidhania mtu wa Jamaika. Zamu za hospitali zilibadilika kila mara, usingizi ukanikimbia. Daktari wa Handsworth, nilikopanga chumba, akaniandikia vidonge. Vilipoacha kutosha nikamwendea daktari wa wafanyakazi wa hospitali yetu, upande wa Erdington, naye akaniandikia, na wa kwanza sikumtaja. Miezi mitatu nikala huku na huku nikijiona mjanja.

Kwa kawaida nilifika dukani jioni. Siku hiyo nikaenda kabla ya adhuhuri, nikasimama nyuma ya mama mmoja wa Kizungu aliyekuja kununua dawa ya kikohozi. Mfamasia alikuwa kwenye simu, ametupa mgongo.

"Huyo Koti la Kijani amekuja kwako tena?" akauliza. "Ndiyo, ile ya vifungo vikubwa. Kwangu Jumatatu, kwako Alhamisi. Daktari wawili, na hawajuani. Mimi nafikiri anauza, bwana. Leo napigia metroni ya hospitali."

Nilijitazama. Koti la kijani, vifungo kama visosi. Metroni, mkuu wa wauguzi wetu, akiambiwa neno hilo mafunzo yamekwisha, narudishwa nyumbani kwa mama aliyelitangazia kanisa zima kwamba bintiye atarudi na kofia nyeupe. Mwenye akili angetoka kimyakimya. Lakini lile "anauza" lilinichoma, nami nina hasira za karibu, mnanijua.

"Mzee, Koti la Kijani liko hapa, na haliuzi kitu!"

Mkono wa simu ulimponyoka, ukaning'inia kwa waya ukipiga kelele, "Nani huyo? Nani anasema Kiswahili hapo?" Mama wa kikohozi akakumbatia mkoba wake akidhani tumevamiwa. Mfamasia alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe si mtu ya Jamaika?"

"Mimi ni mtu wa Machakos."

"Ala! Miezi tatu naandika mtu ya kwetu!" akasema, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Tulicheka mpaka machozi, kisha akaacha kucheka. Alinipeleka kwenye chumba cha nyuma, akataka ukweli, nikautoa wote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa mbioni kuumbuliwa. Alimpigia daktari wa Handsworth nikiwa nimeketi pale pale, wakakubaliana anipunguzie kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na nisiende kwa mwingine.

"Na metroni?" nikauliza.

"Metroni hajui Kiswahili," akasema, akafunga kijitabu. "Jumapili unakuja kula kwetu."

Nikaenda. Mkewe alikaanga mihogo iliyotoka duka la Mjamaika, akaimwagia pilipili na ndimu, tukagombana kwa furaha juu ya Nakuru na Machakos wapi kuna vumbi zaidi. Jumapili ya tano au ya sita nilisinzia kwenye kochi lao mchana kweupe, mdomo wazi, bila kidonge hata kimoja, na mama yule akanifunika kwa koti langu.

Nasoma kwamba Marekani siku hizi majimbo yana mtambo wa kompyuta: duka la dawa likitoa dawa kali linaupelekea habari, na daktari anachungulia kabla hajaandika nyingine. Sitaki kuwa bibi wa kusema zamani kulikuwa bora. Mtambo huo ungeninasa mara moja, mzee wangu ilimchukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo ningeweza kufa. Uwepo, na uenee. Ila mtambo ungejua madaktari wawili na siku mbili tu. Usingejua kama nauza au nimechoka, na hata yeye hakujua mpaka tulipokaa kitako.

Juzi, siku ya kumuaga, binti yake alinipa kile kijitabu. Nilikifungua pale pale. Ukurasa wangu upo: "Koti la Kijani. Daktari wawili. Anauza?" Hakufuta. Pembeni, kwa wino mwingine, ameandika, "Kosa ni langu. Hauzi. Hana mtu wa kula naye," akatia tarehe ya Jumapili yetu ya kwanza. Nimeandika watu katika safu hii miaka mingi, na wengine nimewaandika vibaya. Kuanzia leo nitamwandika mtu kama alivyoandika mzee yule: kwa wino, na pembeni nimwachie nafasi.