Kibandiko cha Dirishani

Bi Mkasi alipewa jina hilo kwa sababu mkasi wake wa kukatia matawi haumtoki mkononi. Miaka ishirini na miwili ametunza bustani ya jumba la sanaa, na mgeni akikanyaga nyasi zake hukiona cha mtema kuni.

Mwaka huu majirani waliombwa walete kazi za mikono yao kwenye maonyesho. Mshonaji akaleta shuka, seremala akaleta kiti. Bi Mkasi hakuleta kitu. "Sasa bustani nitaibeba kichwani?" aliwauliza.

Siku ya ufunguzi, mkuu wa jumba alimshika mkono akampeleka kwenye dirisha kubwa. Pazia lilikuwa limefunguliwa, waridi zote zinaonekana, na ukutani pamebandikwa karatasi kama zile za kando ya picha: "Bustani. Udongo, maji na mkasi. Kazi ya Bi Mkasi. Ilikamilika mwaka huu."

Watu wakapiga makofi. Binti yake akafuta machozi. Mwenyewe akasoma mara mbili, kifua mbele, halafu akakunja uso.

"Nani kawaambia nimemaliza?"

Akachomoa kalamu mfukoni mwa mkuu, akayakata maneno ya mwisho, akatoka kwenda kumwagilia.