Dereva wa Tjeldan

Siku ya kwanza Ragnhild, mtengenezaji wa filamu, alipomketisha Arnfinn Elden mbele ya kamera na kumwuliza maisha ya safarini na bendi ya Tjeldan yalikuwaje, mzee alifikiri kidogo, kisha akasema, "Marefu."

Ragnhild akangoja. Mzee naye akangoja. Mkewe Målfrid, aliyekuwa jikoni akikoroga rojo la vafler, vile vikeki bapa vya kuokwa kwenye chuma, alicheka hadi mwiko ukamponyoka.

Arnfinn hakuwa na kiburi, ndivyo alivyoumbwa. Alizaliwa kwenye shamba dogo karibu na mji wa Namsos, Norwe, na ujanani aliendesha lori la maziwa, akipita alfajiri kwenye mashamba ya watu, wa kuzungumza naye hakuna. Kisha vijana watatu wa mjini wakanunua gari kuukuu la kusambazia mikate ili wabebee vyombo vyao vya muziki, halafu ndipo wakakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye leseni. Jostein aliimba, Eilif alipiga gitaa, Roald alipiga ngoma. Walimwomba Arnfinn awapeleke kwenye dansi moja tu, mji wa Steinkjer. Aliwapeleka, na maziwa hakuyarudia tena.

Nyimbo zao za roki, walizoziimba kwa lahaja ya kwetu bila kuona haya, zilivuma hadi Stockholm na Hamburg. Arnfinn aliwavusha milima wakati theluji imefunika hata alama za barabara. Aliwaamsha, akawatafutia soksi kavu, na mwaka mmoja alimkimbiza Roald hospitali akawahi kuzaliwa kwa bintiye, Roald mwenyewe akiwa bado na rangi ya jukwaani usoni. Wauguzi walidhani mgonjwa ni yeye.

Bendi ilivunjika kwa sababu ya wimbo mmoja, ule unaoimbwa hadi leo kila harusi. Jostein alisema kwenye televisheni kwamba ulimjia peke yake akivua samaki. Eilif, aliyekuwa akitazama kwake, alisema nusu yake aliitunga yeye, ndani ya gari, siti ya nyuma. Tangu hapo hawakusemeshana. Roald, aliyewapenda wote wawili, alichoka kuwa katikati akaenda kufuga kondoo.

Ragnhild alikuwa amekwisha kutumia miaka miwili kwenye filamu yao. Alikuwa na mahojiano ya kila mmoja na picha za zamani tele, ila mwisho hakuwa nao.

"Nawataka watatu wakiwa pamoja, basi," alimwambia Arnfinn. "Hata dakika moja. Mzee wangu, wewe ulikuwa ndani ya lile gari. Wimbo ule aliutunga nani?"

"Mimi nilikuwa naendesha," Arnfinn alijibu. "Kulikuwa na barafu."

Majira hayo ya kuchipua, paa la ghala lake lilikuwa limebonyea kwa uzito wa theluji, na ilibidi ghala libomolewe. Ndani yake lilikaa lile gari la mikate, magurudumu yamezama kwenye udongo. Jirani alijaribu kulivuta kwa trekta. Lililotoka ni bamba la mbele peke yake. Arnfinn akarudi ndani, akachukua simu, akawapigia watatu wale mmoja baada ya mwingine. Målfrid alisema hajawahi kumsikia mumewe akizungumza kwa muda mrefu namna ile.

"Na wenzako nimewaita," alimwambia kila mmoja. "Kama hutaki kuwaona, angalia pembeni. Mimi nataka mikono."

Jumamosi wakaja. Nani angemkatalia Arnfinn? Jostein alifika na glavu mpya za ngozi. Eilif alizitazama, akamgeukia Roald.

"Mwambie huyo bwana hatujaja kupiga picha za gazeti."

"Mwambie mwenyewe, mimi si mkalimani," Roald akasema. "Na gari lisukumeni. Wote wawili bega moja moja hapa nyuma."

Ragnhild alikuwa amesimamisha kamera moja mlangoni, nyingine kaishika mkononi. Wakasukuma. Gari likagoma. Wakasukuma tena, likatikisika, likarudi palepale, na Jostein akateleza akakaa chini kwenye tope, glavu zake na yeye.

Eilif alimwangalia.

"Huo mtelezo nao umekujia peke yako?" akauliza.

Kisha Jostein akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukoroma walichokuwa wakikisikia nyuma ya gari usiku kucha, na Eilif akashindwa, akashika tumbo, akampa mkono kumwinua. Naye akavutwa chini palepale.

"Bado mkono mmoja," Arnfinn alisema kutoka kwenye usukani. "Wewe mama wa filamu, hebu weka hicho kitu."

Ragnhild hakufikiri. Aliiweka kamera juu ya gogo, akatia bega kati ya Roald na Eilif, na kwa pamoja wakasukuma. Gari likatoka ghalani likiyumba, likaiangusha kamera ya mlangoni, likateremka mteremko wa majani huku wote wakilikimbilia wakipiga kelele, na Arnfinn ndani akipiga honi isiyolia.

Walipokula vafler na jibini la kahawia, wamejaa tope hadi nyusi, ndipo Ragnhild alipoitazama kamera ya kwenye gogo. Ya mlangoni ilipondwa na magurudumu, na hii, tangu alipoiweka, ilikuwa imerekodi anga, na kunguru mmoja.

"Turudie?" Roald aliuliza kwa upole.

"Mimi silirudishi mle ndani," Arnfinn akasema, na Ragnhild mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Filamu haijakamilika hadi leo. Waliokuwa wakimpa Ragnhild fedha walitaka mwisho wenye machozi, naye hakuwa nao wala hakutaka tena kuutafuta. Lakini kila kiangazi huja na hema lake, akakaa wiki nzima kwa akina Elden.

Målfrid alipotimiza miaka sabini, Tjeldan walipiga kwenye ukumbi wa kijiji, gitaa limepishana na ngoma, sauti ya Jostein imekwaruza. Watu waliimba kuwazidi. Arnfinn alivuka ukumbi, akamshika mkewe kiuno, akacheza naye nyimbo nne mfululizo bila kumwambia neno.