Safari Iliyongoja Suruali Kavu

Fundi cherehani aliyeshona suti za nusu ya mtaa alitoka hospitali bila tezi dume na bila breki. Akikohoa, tone. Akicheka, matone. Basi akaacha kucheka, yeye aliyekuwa akiwachekesha wateja mpaka wanasahau kuulizia nguo zilizochelewa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweleza: kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achia. Mara tatu kwa siku. Fundi akaona ni mchezo tu. Akafanya mazoezi palepale kwenye cherehani, akifuata mwendo wa pedali, mapaja kayakaza, pumzi kaibana. Miezi mitatu hiyo. Alijishonea vitambaa vya kuvaa ndani kwa mabaki ya flana, na suruali ikalowa vilevile.

Kaka yake mkubwa aliishi mbali, mwendo wa saa nane kwa basi, na kiharusi kilikuwa kimemlaza. Kila Jumapili alipiga simu.

"Mdogo wangu, lini?"

"Nikipata nafuu kidogo tu, kaka. Nakuja."

Sababu hakuisema. Aliona haya. Aliogopa kiti cha basi, na zaidi aliogopa kulowesha kitanda cha shemeji yake.

Alirudi kliniki amefura kwa hasira. Mtaalamu alimlaza chali, akamwekea mkono tumboni, akamwambia akaze.

"Mzee, mbona unasukuma? Vuta kwa ndani. Tumbo lilegee, upumue. Na miguu itulie, hapa hatushoni."

Fundi alitaka kulia. Miezi mitatu alikuwa akishona kwa sindano isiyo na uzi.

Akaanza upya. Wiki ya sita alimaliza asubuhi nzima mkavu, akakata tiketi ya Jumamosi bila kumwambia mtu. Alhamisi ikaingia simu kutoka namba ya kaka yake, lakini sauti ilikuwa ya shemeji, na ilikuwa ya kilio.

Akaenda kuzika. Watu walipotawanyika, alimweleza shemeji yake yote, macho chini.

Yule mama alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Jamani, shemeji! Kwani yeye alikuwa mkavu? Si mimi niliyekuwa nambadilisha kila siku? Ungekuja tu, mlowe wote."

Kurudi, saa nane nzima kwenye basi, suruali haikupata hata tone. Alipoteremka alitoa simu ili ampe kaka yake habari, na kidole kilikuwa tayari kwenye namba alipokumbuka.