Jina Nililoandika Juu ya Boksi la Picha ya Mwandishi

Utasema natunga. Sema tu, sikukatazi, lakini picha yenyewe ninayo hapa chumbani kwangu Sanyuanli, Guangzhou, huku China, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Mwalimu mkuu mmoja wa Tanga aliniagiza picha ya mwandishi maarufu, ya kutundika maktaba ya shule. Nikaipata duka la vitu vya zamani. Laoban mwenye duka akaniambia ni kazi ya msanii wa Sweden, aliyeikwangua kwa sindano kwenye bamba la shaba, kisha ikapigwa chapa kwa wino. Mzee wa Kizungu, ndevu ndefu, kashika kalamu juu ya karatasi tupu. Tupu kabisa, niliikagua mwenyewe.

Alasiri nikaipeleka ofisi ya kago. Sisi tunaotuma mizigo nyumbani, kila mzigo tunauandika alama usije ukapotea ndani ya kontena, na wengi tunatumia majina ya watoto. Alama yangu ilikuwa SALMA, binti yangu, wakati huo ana miaka saba. Nikaiandika kwa maka peni juu ya boksi la picha.

"Ahsante kwa jina," mtu akasema nyuma yangu. "Nilikuwa sina la kuandika."

Kiswahili cha Tanga, safi. Nikageuka huku nacheka, nikidhani ni mtu wa nyumbani ananitania. Alikuwa mzee wa Kizungu, ndevu zile zile, vidole vyeusi kwa wino. Akaingia kwenye lifti. Mlango haujafunga, natazama ndani, hamna mtu. Wewe ungefanyaje?

Simu ikaita. Mke wangu.

"Baba Salma, mtoto kaanguka shuleni. Macho wazi, lakini namwita haitiki."

Nikalichana boksi. Kwenye ile karatasi tupu ya mwandishi pichani palishaandikwa SAL. Nikalikata jina la mwanangu pale kwenye boksi, nikaandika langu. Zile herufi tatu zikafifia nikiziona, na mke wangu, bado yuko kwenye simu, akasema, "Kaamka. Anataka maji."

Nililia pale pale, mbele ya wapakiaji.

Picha sikuituma, ninayo pamoja na boksi lake. Siku moja nilijaribu kulikata jina langu pale kwenye boksi. SAL ikaanza kurudi, nikaandika upya mbio mbio. Jina langu lina herufi sita. Kwenye karatasi ya mwandishi inaongezeka moja kila baada ya miezi kadhaa, labda mtu mzima anaandikwa polepole. Leo asubuhi nimekuta tano.

Kwa hiyo jina langu usiniulize. Na wewe unayefunga mzigo sasa hivi, andika namba. Mwanao mwache nje ya boksi.