Ukuta wa Fizi Ndani ya Baa ya Uingereza

Sweta ya dada yangu Furaha ilirudi Bredäng, mtaa wetu wa maghorofa huku Uswidi, ikinuka masizi ya kale, na mpaka leo nikipita penye moshi wa kuni wivu hunijia kabla ya kumbukumbu yenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Kiangazi kile baba mdogo, aliyekuwa mpishi katika baa ya kijiji kimoja cha Uingereza na kuishi orofani mwake, alimwalika mtoto mmoja tu. Chanda chema huvikwa pete, na pete ikamwendea Furaha. Mama, mtu wa kanisa, hakupenda neno baa. Alisema tu "kwa baba mdogo wenu". Mimi nilibaki na lifti yetu, zege letu na ngazi zinazonuka sabuni.

Alirudi na jengo zima mdomoni. Lilikuwa la karne nyingi, akasema, mlango wake mfupi hata wanaume huinama kama wanaoomba radhi. Boriti nyeusi za mwaloni, sakafu inayoteremka hata chungwa huviringika lenyewe mpaka dirishani, na meko mapana unayoweza kuketi ndani yake. Nilimjibu kwa Kiswidi kwamba nyumba iliyopinda ni nyumba mbovu.

"Weye hujaiona," alisema, akiendelea kula.

Kisha akataja kidirisha. Ukutani, karibu na meza za wanywaji, palikuwa na kioo kidogo, si cha kutazama nje bali cha kutazama ndani ya ukuta wenyewe. Nieleze vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipogeukia. Nyumba za namna ile husimamishwa kwanza kwa miti mizito. Kati ya mti na mti husukwa fito, halafu hukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, mwishowe chokaa. Wenye baa waliacha kipande wazi ili wageni waone.

Mama aliacha kukanda unga wa chapati. "Fito? Na mavi ya ng'ombe? Bazungu nao?" Alicheka mpaka akaketi. "Lakini hiyo ni nyumba yetu ya Fizi. Ndimo nilimozaliwa."

Mara nyingi nilikuwa nimemwuliza habari za nyumba hiyo ya kwao, alikotoka kabla ya kuja Uswidi, naye hujibu kwamba ilikuwa nyumba tu. Sasa alimsimamisha Furaha upande wa pili wa kianikio cha nguo. "Mmoja nje, mmoja ndani, munatupa pamoja, fito zisiyumbe. Usipake, mwanangu. Tupa." Mama asiyepoteza hata punje alitupa madonge ya unga, yakakutana na ya Furaha katikati ya vyuma, yakashikana.

"Na mimi?" niliuliza.

"Weye shika miguu ya kianikio."

Nikashika.

Leo nina nyumba yangu, kuta zake nzito na kavu, na sijui zilijengwa na nani. Mama anaishi nami. Msomaji mwenye mzazi mkimya, usikate tamaa. Pengine maswali unayo ya kutosha, unakosa ukuta wa kumwonyesha. Hatimaye nilikwenda kwenye baa ile. Niliinama mlangoni, nikaketi mekoni, nikaachia chungwa, likaviringika kweli. Nikapiga picha ya kidirisha, nikamletea mama. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Ndio huu," alisema. "Furaha alinionyesha."

Furaha hakuleta picha hata moja. Alileta maneno tu, na mikono miwili isiyokuwa na kianikio cha kushika.