Baruti Kwenye Sahani ya Mama

Majuzi jirani zetu walimwoza binti yao, wakarusha fataki, maana harusi siku hizi hainogi bila fataki. Moshi uliponifikia nikaikumbuka sahani ya mama, ile nyeupe ya bati.

Baba alikuwa na gumegume, bunduki ya kushindilia baruti, inayowashwa kwa cheche za jiwe. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yetu kule Masanze, na baruti aliyokuwa nayo ilitoa moshi tu. Mtani wetu, Mnyamwezi aliyefanya kazi ya reli, akawa anatucheka, "Nyie limeni, nguruwe watavuna!"

Mchuuzi akaja na makopo mawili ya baruti. Baruti ya kopo moja inang'aa, ya jingine imefifia. Baba akaitaka ya kung'aa. Alipenda vya kung'aa, hata baiskeli yake aliipaka mafuta ya nazi. Mama akaleta sahani, wakachoma kidogo ya kila kopo kuijaribu. Ya kung'aa ikaacha masizi yenye unyevunyevu. Ile nyingine ikasema puu, sahani ikabaki karibu safi.

"Nachukua hii hii," baba akasema, ameshika ya kung'aa.

"Baba watoto," mama akajibu huku anasugua masizi kwa kidole, "haya kwenye sahani tu hayatoki. Ndani ya mtutu utayatoaje?"

Baba akanuna, lakini akanunua ile nyingine.

Jioni mtani akapanda nasi kwenye dungu la kulindia shamba, aje aone aibu yetu. Nguruwe walipotokea baba akafyatua. Mlio ule! Nguruwe wote wakakimbia wakavuka mto. Mtani hatukumwona tena mpaka asubuhi, alipokuja kuomba katambuga zake za matairi alizoziacha juu ya dungu.