Mashine ya Moyo na Chai ya Baba

Tulikuwa tunakata mkaratusi nyumbani kwetu karibu na Sironga, mimi na baba mdogo, gogo liliporuka nyuma likanipiga kifuani. Damu haikutoka. Aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana. Sijazoea kusema mengi mbele yake. Jioni nilishindwa kupumua. Hospitali ya Kisii walisema moyo umepondeka na hauna nguvu ya kusukuma damu, wakanipeleka Nairobi kwa ambulansi.

Huko walipitisha puto jembamba kwenye paja langu hadi ndani ya mshipa mkubwa karibu na moyo. Mashine kando ya kitanda ililijaza gesi na kuitoa tena, kwa kufuata mapigo. Nilikatazwa kukunja mguu. Nilivishwa barakoa ya oksijeni, na kwa uchovu sikuweza kufungua macho. Lakini nilisikia.

Baba mdogo alikuja na mama. Akaisikiliza mashine, kisha akasema kwa Kigusii, "Shemeji, huyu ameshaenda. Hicho kinachopiga si moyo, ni stima ya mashine."

Mama akamuuliza muuguzi kwa Kiswahili.

"Hapana, mama. Moyo unapiga wenyewe. Mashine inausaidia tu mpaka upate nguvu."

"Huyo analipwa kusema hivyo," baba mdogo akarudi kwenye Kigusii. "Tutamzika kule chini kwenye ndizi. Tukichimba kwenye chai tutang'oa miche mizuri."

"Nyamaza, mtoto anasikia!"

"Asikie na nini?"

Chai hiyo ni ya baba yangu. Kabla hajafa alinitembeza mpakani mwa shamba, akaniambia ni yangu. Sina kingine. Shule niliachia darasa la nane. Nilitaka kuinua mkono, nikaona haya, hata pale kitandani. Nikalala kimya kama maiti ambaye baba mdogo alimtaka.

Moyo ulipopata nguvu, puto likatolewa. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, nikamkuta baba mdogo yumo ndani ya chai yangu na wanawe, vikapu mgongoni. Mama alimwambia atoke.

"Nimwachie nani? Mtu wa stima? Akichuma kikapu kimoja akaanguka, mtasema nimemuua."

Wanawe wakacheka.

"Ni yangu," nikasema.

"Ala! Kumbe kinaongea!"

Nilichukua kikapu cha mama, nikaanza kuchuma mstari wa chini kabisa. Hakuna aliyenizuia, na hakuna aliyetoka.

Mpaka leo yeye huanzia juu, mimi chini. Daktari alinikataza kazi nzito, lakini nikikosa siku moja atamaliza yote. Nachuma kidogo, nakaa, nachuma tena. Tukikutana hatusalimiani. Hunipita pale nilipokaa nikitafuta pumzi, akaendelea kuteremka na mistari niliyoiacha nusu.